Tuombe, na Dawa Zimezwe

(Mafundisho haya yalitolewa na kamati ya afya katika semina ya siku moja ya wahudumu wa afya wa jamii, wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama. Wengi waliohudhuria waliomba yachapishwe ili wakayasome na vikundi vyao. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Tunawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka ng'ambo ya mto na barabara ilivyo. Leo hatutazungumza juu ya vyoo, wala visima, wala mbuzi wa maziwa. Tutazungumza juu ya jambo ambalo tumekaa nalo miaka mingi huku tukilitaja kwa kunong'ona tu. Ni ugonjwa wa akili, hasa ule unaoitwa skizofrenia, na dawa zake.

Lakini kabla hatujafundisha, inatupasa tuungame.

MAKOFI TULIYOPIGA

Kuna kijana mmoja wa kanisa letu. Jina lake hatutalitaja, ingawa yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie habari zake. Alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha posho, na katika kwaya aliimba besi. Alipofika miaka 21 akaanza kujitenga na watu. Alisikia sauti za watu wawili wakibishana juu yake. Alikataa chakula cha mamake, akisema kimetiwa sumu. Familia ilihangaika naye karibu miaka miwili, huku na huku, mpaka ng'ombe wawili wakauzwa. Mwishowe shangazi yake akampeleka hospitali, akapewa tembe. Baada ya miezi mitatu alirudi kazini. Baada ya miezi sita alirudi kwenye kwaya.

Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, alisimama mbele yetu akasema Mungu amemponya. Akasema tembe amezitupa chooni, kwa maana kuendelea kuzimeza ni kukosa imani. Tulipiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja wetu, aliye hapa leo, akashika kipaza sauti akasema, "Huo ndio ushindi!"

Wiki ya kwanza alikuwa mzima. Ya pili vivyo hivyo. Mwezi ukapita, nasi tukawa tunamtaja kama mfano kwa wengine. Wiki ya saba akaacha kulala. Wiki ya tisa alitoka nyumbani usiku, akatembea siku tatu. Watu wa mji mwingine walimkuta uani kwao, wakadhani ni mwizi, wakampiga. Tulipompata alikuwa hospitalini, mkono umevunjika, hajui yuko wapi. Kazi ya kinu ilikuwa imekwenda. Na safari hii kupata nafuu kulichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Hatusemi kijana alidanganya. Nafuu yake ilikuwa ya kweli, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa letu. Katika kanisa zima hapakupatikana hata mtu mmoja wa kumwuliza, "Ndugu, daktari umemwonyesha?" Makofi yale yalikuwa yetu, na mkono ule uliovunjika sisi nasi tuna sehemu yetu ndani yake. Ndiyo sababu tumewaita leo.

UGONJWA WENYEWE

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya kila watu 300 duniani, mmoja alikuwa nao; jumla yao ilikuwa kama watu milioni 24. Sasa hesabu watu wa lokesheni yako. Hata kama huwaoni, wako. Wengine wamefungiwa chumba cha nyuma.

Mara nyingi ugonjwa huanza ujanani, kati ya mwisho wa shule na miaka ya thelathini. Dalili zake ni hizi:

1. Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kwa mgonjwa ni sauti kamili, kama hii yetu mnayoisikia sasa.

2. Kushikilia jambo lisilo kweli hata ukimwonyesha ushahidi, kwa mfano kwamba jirani anamfuatilia au redio inamtaja yeye.

3. Maneno yasiyoshikamana, au matendo ambayo hayaeleweki.

4. Kunyamaza, kujitenga, kuacha kuoga, kukosa hamu ya kazi, uso usioonyesha furaha wala huzuni.

Hii ya nne tuiangalie vizuri. Dawa husaidia zile dalili tatu za kwanza zaidi kuliko hii. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameacha kusikia sauti kabisa, na bado akakaa kitako siku nzima. Tusimwite mvivu. Huo bado ni ugonjwa.

Ugonjwa huu hautokani na malezi mabaya. Akina mama wengi wamebeba lawama hiyo bure. Urithi wa damu una sehemu yake, na kuvuta bhangi huongeza hatari na humrudisha nyuma aliyekwisha kupata nafuu. Tena si kweli kwamba wagonjwa hawa wote ni watu wa kupiga wenzao. Wengi wao hawamdhuru mtu. Kama mlivyosikia, yule kijana wetu ndiye aliyepigwa.

Onyo moja kwa wahudumu wa afya. Mtu akichanganyikiwa ghafla na ana homa, au kichwa kinamuuma sana na shingo imekauka, usiseme ni wazimu. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

DAWA ZILITOKA WAPI

Hospitali ya Mathari, kule Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kwa miaka arobaini na zaidi baada ya hapo, huko na kwingineko duniani, hapakuwa na tembe ya kupunguza zile sauti. Palikuwa na kufuli, na kuta, na kungoja.

Mwaka 1950, nchini Ufaransa, mkemia Paul Charpentier alitengeneza dawa iitwayo klopromazini. Haikukusudiwa kwa wagonjwa wa akili. Daktari mpasuaji, Henri Laborit, aliitumia kwa watu waliokuwa wakifanyiwa upasuaji, akaona inawatuliza bila kuwapoteza fahamu. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Watu waliokuwa wakipiga kelele usiku na mchana wakaanza kulala, kula na kuzungumza. Wale mliofanya kazi hospitalini zamani mnaijua dawa hiyo kwa jina la Largactil.

Mwaka 1958, kule Ubelgiji, Paul Janssen na wenzake wakapata haloperidoli. Baadaye ikaja sindano ya flufenazini, ambayo wengi huiita Modecate. Hiyo hudungwa kwenye msuli na kufanya kazi polepole kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wengi huchomwa mara moja kwa mwezi. Miaka ya 1990 zikaja risperidoni na olanzapini. Na iko nyingine, klozapini, ambayo hupewa wale ambao dawa mbili tofauti zimeshindwa kuwasaidia. Kati ya wagonjwa watatu, huenda mmoja asisaidiwe vya kutosha na dawa za kawaida. Huyo tusimhesabu kuwa ameshindikana. Bado iko njia, lakini ni ya daktari bingwa, na mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara.

Sasa, dawa hizi hufanyaje kazi? Tuchukue mfano wa mfereji wa kumwagilia shamba. Maji yakija kwa kiasi, mahindi husitawi. Yakizidi, shamba huwa dimbwi, na hujui tena mstari ni upi. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo seli hutumia kupelekeana habari. Katika ugonjwa huu, mahali pengine ubongoni dopamini hufanya kazi kupita kiasi. Dawa ni kama lango la ubao tunaloliweka mferejini. Hupunguza maji, nalo shamba likaanza kukauka.

Mambo mawili yanatoka katika mfano huo.

La kwanza, shamba lililofurika halikauki kwa siku moja. Mgonjwa anaweza kutulia na kupata usingizi katika siku chache za mwanzo, lakini sauti na mawazo yale mabaya huchukua wiki kadhaa kupungua. Yule anayesema, "Amemeza siku nne na bado anaongea peke yake, hizi dawa ni bure," amefanya haraka.

La pili, na hili ndilo kubwa: lango halikuondoa mto. Mwenye shamba akiona mahindi yamependeza, akang'oa lango akisema kazi yake imekwisha, maji hayatarudi siku hiyo. Yatarudi polepole. Huenda ikachukua wiki, huenda miezi. Ndiyo sababu watu hudanganyika. Mgonjwa huacha dawa leo, na kesho ni mzima, na wiki ijayo ni mzima, basi kila mtu husema, "Mnaona? Hakuzihitaji."

WANAOACHA NA WANAOENDELEA

Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na daktari Stefan Leucht walikusanya pamoja majaribio 65 yaliyohusu wagonjwa wapatao 6,500 ambao hali yao ilikuwa imetulia. Wengine waliendelea na dawa, wengine walibadilishiwa wakapewa tembe tupu zisizo na dawa ndani. Katika muda wa mwaka mmoja, kati ya kila 100 waliopewa tembe tupu, 64 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya kila 100 walioendelea na dawa, waliorudiwa ni 27.

Tuzisome hesabu hizo kwa uaminifu, pande zote mbili. Dawa si uchawi. Wako waliomeza vizuri na bado wakarudiwa, kwa hiyo mtu akirudiwa tusikimbilie kumshtaki kwamba alikuwa akizitema. Tena wako walioachishwa na mwaka ukapita salama. Lakini hakuna ajuaye mapema nani atakuwa katika wale 64. Je, wewe utacheza bahati nasibu na mtoto wako?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba aliyeugua mara ya kwanza aendelee na dawa kwa angalau miezi 12 baada ya kupata nafuu. Aliyerudiwa mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi, pengine miaka mingi. Kupunguza kunawezekana kwa wengine, lakini hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia na familia ikiangalia. Hazitupwi chooni siku moja.

Na tusikate tamaa. Shirika hilo hilo linasema kwamba angalau mmoja kati ya wagonjwa watatu wa skizofrenia anaweza kupona kabisa.

USISEME NI MKAIDI, MWULIZE

Sisi tulipoanza kuwatembelea wagonjwa nyumbani, tulikwenda na maneno ya kugombeza. "Kwa nini hukumeza? Unataka kumwua mamako?" Hatukupata jibu lolote. Siku tulipobadilisha swali tukauliza, "Zikiingia mwilini, zinakufanyia nini?" ndipo midomo ikafunguka. Kumbe wengi walikuwa na sababu nzuri.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyeanzishiwa dawa, na baada ya wiki moja akashindwa kukaa chini. Alitembea uani usiku kucha, akaketi, akasimama, akatembea tena, huku akilia. Familia ikasema pepo wamerudi kwa nguvu zaidi, nasi tukaitwa kumwombea. Tulimwombea mpaka saa tisa usiku. Asubuhi, muuguzi mmoja wa kliniki aliposikia habari hiyo kwa simu akasema, "Mleteni, hiyo ni dawa." Kipimo kikapunguzwa, na siku chache baadaye akalala. Kama tungeendelea na mawazo yetu, tungemfukuza pepo ambaye hayupo, na mtoto angeendelea kuteseka.

Basi jifunzeni mambo haya, mhudumu wa afya na mzazi pia:

1. Shingo kupinda upande, macho kupanda juu, au ulimi kukaza. Hutokea siku za mwanzo, hasa kwa haloperidoli. Hutisha sana, lakini hospitalini kuna sindano inayoiondoa upesi. Mpeleke siku hiyo hiyo.

2. Kutotulia, kama yule msichana. Si ukaidi, si pepo.

3. Mikono kutetemeka, mwili kuwa mgumu, kutembea kama mzee. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza benzeksoli, ile iitwayo Artane. Hiyo iwekwe mahali salama, kwa sababu vijana wengine huitafuta ili walewe nayo.

4. Usingizi mwingi, kinywa kukauka, choo kuwa kigumu. Muulize daktari kama zinaweza kumezwa usiku. Maji, mboga na matunda husaidia.

5. Kunenepa na sukari kupanda, hasa kwa olanzapini na klozapini. Uzito upimwe, sukari ipimwe.

6. Hedhi kukoma au maziwa kutoka kwa mwanamke asiyenyonyesha. Na kwa mwanamume, kupungukiwa nguvu za ndoa. Hili la mwisho hakuna anayelitaja. Tumekutana na baba mmoja aliyeacha dawa kwa sababu hiyo tu, akarudiwa, na mkewe hakujua sababu mpaka tulipokaa nao wote wawili. Mwambie daktari, kuna dawa nyingine.

7. Midomo na ulimi kutafuna-tafuna bila kupenda, baada ya miaka ya kutumia dawa. Mjulishe daktari mapema, kwa maana ikikaa inaweza kutoondoka.

8. Jua kuunguza ngozi, hasa kwa anayetumia klopromazini. Avae kofia na mikono mirefu shambani.

Na hatari mbili za kukimbilia hospitali bila kungoja gari la kesho. Ya kwanza ni homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa. Ni nadra, lakini huua. Ya pili ni kwa anayetumia klozapini: akipata homa au koo kuuma, apimwe damu siku hiyo.

Mama mjamzito naye asiache dawa ghafla kwa hofu. Aende aeleze, apewe ushauri. Na kila mgonjwa aende kliniki na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, azionyeshe mezani.

Kuna wanaouliza kama dawa hizi humfanya mtu mtumwa wake kama pombe. Hapana. Lakini ukizikatiza ghafla mwili husumbuka, na ugonjwa hupata mlango.

NYUMBANI

Ziko njia ndogo ndogo ambazo zimetusaidia.

Tembe zifungamanishwe na jambo ambalo hufanyika kila siku, kama chai ya asubuhi au chakula cha jioni. Tarehe ya sindano iandikwe kwenye kalenda ukutani. Mtu mmoja wa nyumbani, ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, awe mkumbushaji. Dawa zikibaki za wiki moja, safari ianze kupangwa, maana wakati mwingine unafika zahanati unaambiwa zimekwisha, na inabidi kutafuta kwingine. Anayesahau tembe kila mara aulize kuhusu sindano ya mwezi.

Dawa zisifichwe ndani ya uji. Tunajua kwamba wazazi hufanya hivyo kwa mapenzi na kwa kuchoka. Lakini fikiria: huyu tayari anaamini chakula kimetiwa kitu. Siku atakapoiona tembe chini ya kikombe, utamjibu nini? Utakuwa umethibitisha ugonjwa wake, na imani aliyokuwa nayo kwako imevunjika.

Kelele na lawama zipungue. Nyumba yenye ugomvi kila siku humrudisha mgonjwa chini hata akiwa anameza dawa. Apewe kazi anayoiweza, kuku wachache, kitalu, hata kuteka maji, na asifiwe akiifanya.

Na minyororo, wapendwa, tuiache. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi kama 60, na Kenya ikiwemo. Wengine hufungwa nyumbani, wengine mahali pa maombi. Mwaka 2022 Sheria yetu ya Afya ya Akili ilirekebishwa, ikaweka wazi zaidi haki za mgonjwa, pamoja na kushirikishwa katika mpango wa matibabu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ukiona mlango uliofungwa kwa nje, usipite tu.

KANISANI

Tumefika mahali pagumu. Wako watakaosema, "Kamati ya afya sasa imeacha imani." La hasha. Tunaomba. Tutaendelea kuomba, na kuwawekea wagonjwa mikono. Lakini tusome Maandiko yote.

Naamani aliambiwa ajichovye mtoni mara saba. Hakuambiwa mara tatu. Je, angetoka mara ya sita na kusema inatosha? Mfalme Hezekia alipougua, aliomba, na tena nabii Isaya akaagiza jipu liwekwe tini. Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu, na hatusikii kwamba aliambiwa autupe mkoba wake.

Zaidi ya hayo, tumwangalie yule mwenye ukoma. Yesu alimponya, hilo halina shaka. Lakini baada ya kumponya alimwagiza kwanza aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa nini? Kwa sababu siku hizo kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuangalia ngozi na kusema huyu ni safi. Bwana mwenyewe hakuona aibu uponyaji wake ukaguliwe. Sisi ni nani hata tukatae?

Kwa hiyo kamati, pamoja na kasisi na wazee wa kanisa, tumekubaliana mambo matatu, na tunawaomba myapeleke makanisani mwenu.

Kwanza, hakuna mtu atakayemwambia mgonjwa aache dawa, iwe madhabahuni, iwe katika ibada za nyumbani, iwe kwa kunong'onezwa mlangoni. Anayesema ameponywa, tutamshukuru Mungu pamoja naye, kisha mmoja wetu atamsindikiza kliniki ajionyeshe. Mpaka daktari aseme, tembe zinaendelea.

Pili, sadaka moja kila miezi mitatu itakuwa ya nauli. Tumegundua kwamba wengi hawakosi imani wala hawakosi akili ya kujua umuhimu wa dawa. Hukosa pesa za matatu au bodaboda ya kwenda na kurudi kliniki.

Tatu, maneno kama "kichaa" na "chizi" yasisikike katika mahubiri wala matangazo. Hakuna anayemwita mgonjwa wa sukari jina la kuchekwa.

Tumalizie kwa kijana wetu. Siku hizi anachomwa sindano kila mwezi. Kinu hakikumrudisha, lakini ana kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya mamake, na chakula cha mamake anakula. Amerudi kwenye kwaya. Mkono wa kulia hutetemeka, kwa hiyo mwenzake humshikia kitabu cha nyimbo, na daktari bado anaitafuta dawa itakayomfaa zaidi. Tulipomwendea kumwomba msamaha, alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mlinipigia makofi nilipozitupa. Nilipoanza kuzimeza tena, hakuna aliyepiga."

Wapendwa, hatuna la kuongeza. Jumapili iliyofuata kasisi aliuliza kama yuko anayetaka kumshukuru Mungu kwa ajili ya dawa. Yeye alisimama, na mamake akasimama, na mama wa yule msichana, na wengine wanne ambao hatukujua kamwe kwamba nyumbani kwao kuna mgonjwa. Hapo tukapiga makofi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtu akianza kusikia sauti, hupelekwa wapi kwanza? Kwa nini?

2. Je, tumewahi kumshawishi mtu aache dawa, kwa maneno au kwa makofi? Tunaweza kufanya nini sasa?

3. Mgonjwa aliye karibu nasi husumbuliwa na nini akimeza dawa? Nani amemwuliza?

4. Kliniki ya akili iliyo karibu ni ipi, hufunguliwa siku gani, na nauli ni shilingi ngapi kwenda na kurudi? Nani atamsindikiza asiyeweza kwenda peke yake?